Karani wa Kanisa na Wodi Iliyofungwa

Karani wa kanisa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyofika benchi la mwisho bila msaada wa kipaza sauti. Kwa ajili ya sauti hiyo waumini walimbandika jina la Mama Tangazo, maana yeye ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili: nani anafunga ndoa, nani kafiwa, kwaya ya vijana ikutane lini, na jamani wazazi, watoto wasiachwe kuvuta kamba ya kengele. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amewapokea wachungaji watatu na kuwaaga wawili, na kila mmoja alimwachia jambo la kumtia hasira.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa kanisa. Palikuwa na meza, simu, kompyuta iliyochukua muda wa kuchemsha chai kabla haijawaka, na kabati la chuma la droo nne. Droo ya tatu ilikuwa haifunguki mpaka uipige teke chini upande wa kushoto. Humo ndimo ilimokaa mihtasari ya vikao vya baraza la wazee, na yote ilikuwa ya mkono wake.

Kwa upande wa siasa, Mama Tangazo alikuwa na msimamo wake na hakuuficha. Siasa ziishie getini. Msimamo huo hakuupata kwenye kitabu. Mchungaji wa kwanza aliyefanya naye kazi alisimama mimbarini Jumapili moja kabla ya uchaguzi, akamtaja mgombea wake kwa jina, akawaambia waumini kwamba Mungu keshachagua, wao kazi yao ni kuthibitisha tu. Nusu ya kwaya ikatoka nje wimbo ukiwa katikati. Hawakurudi, na ngoma wakaenda nayo. Uchumba mmoja uliokuwa umeshatangazwa mara mbili ukavunjika kabla ya tangazo la tatu, na aliyekata jina la bibi harusi kwenye daftari ni yeye mwenyewe, kwa rula, mama mzazi wa binti akimtazama. Tangu hapo, akisikia mtu wa Mungu anataja chama, anaikumbuka ile rula.

Mchungaji wa tatu, huyu wa sasa, alikuja akiwa na miaka thelathini na minane. Mwembamba, mwenye haraka, anayeongea huku anatembea. Mahubiri yake aliyaandika nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, maandishi yamebanana kama watu kwenye foleni ya maji, na karani ndiye aliyeyachapa. Kwa miaka miwili hakumpa karani wake taabu yoyote zaidi ya hiyo. Mama Tangazo akaanza kumpenda, jambo ambalo baadaye alilijutia.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya wodi ya wazazi.

Zahanati ya mji ilikuwa na wodi ndogo ya kujifungulia. Siku moja mlango wake ulifungwa na ubao ukapigiliwa juu yake: imefungwa kwa ukarabati. Ukarabati wenyewe haukuonekana. Mafundi walikuja mara moja, wakapima, wakaondoka. Miezi ikapita kumi na minne. Wajawazito wakawa wanapelekwa hospitali ya wilaya, mwendo wa saa nzima na nusu kwa gari, ukilipata hilo gari.

Mwimbaji mmoja wa kwaya, mshonaji wa nguo, miaka ishirini na sita, uchungu ulimshika asubuhi ya Alhamisi. Alifia njiani, nyuma ya gari la kubebea mchanga. Mtoto alipona.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mji mzima ulifika. Mchungaji alisimama kando ya kaburi, akafungua Biblia, akaifunga tena. Akasema, "Leo sitawaambia kwamba Mungu amempenda zaidi. Dada yetu hakuchukuliwa na Mungu. Dada yetu ameuawa na mlango uliofungwa, na wenye ufunguo wa mlango huo tunawajua."  Mama Tangazo, aliyekuwa amesimama na karatasi ya ratiba, akahisi machozi yanamtoka na wala hakuyafuta. Hapo mchungaji angeweza kuishia. Lakini akapumua, akaongeza, "Na siku ya kupiga kura itakapofika, mkawatoe."

Loo! Mama Tangazo akafumba macho. Akajua wiki yake imekwisha kuharibika.

Jumatatu simu ilianza kulia hata hajavua mtandio. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kusahihisha hata salamu za watu. "Karani," alisema, "tumeaibishwa." Wa pili alikuwa mama mmoja wa kikundi cha maombi. "Mwambie mchungaji tuko nyuma yake, tena hakusema vya kutosha, kwa nini hakuwataja majina?" Wa tatu alitaka cheti cha ubatizo cha mwanawe, lakini kwanza akaomba kujua kama ni kweli kwamba mchungaji anagombea ubunge. Wa nne akasema anahama kanisa. Wa tano akasema alishahama miaka mitatu iliyopita, ila kwa hotuba ile anafikiria kurudi. Hadi saa sita mchana alikuwa amepokea simu kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyeulizia hali ya mtoto.

Saa saba akaingia mdogo wake.

Huyu mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja, ndiye aliyekuwa diwani wa kata hiyo. Mama Tangazo ndiye aliyemlea, mama yao alipokuwa mgonjwa. Alimfundisha kusoma, alimfunga vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule. Sasa mdogo huyo alikuwa mtu wa tumbo na miwani myeusi, na aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mlango una kazi yake, ungegonga."

"Nataka nakala ya yale mahubiri ya makaburini."

"Hayakuandikwa. Kayatoa kichwani."

Diwani akavuta kiti, akakaa. "Dada, yule mtu wako ananimaliza. Mimi sina ugomvi na kanisa. Lakini yeye ahubiri Biblia, aniachie siasa zangu. Kwani mimi naingia madhabahuni kumfundisha kubatiza?"

Kilichomuudhi Mama Tangazo ni kwamba alikubaliana naye. Maneno hayo hayo alikuwa ameyasema mwenyewe, jana tu, mumewe akimsikiliza. Kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mdogo wake kukamfanya ajione kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mwingine.

"Wodi inafunguliwa lini?" akamuuliza.

"Mambo ya wodi ni ya kitaalamu, dada."

"Nimekuuliza lini, sijakuuliza vipi."

"Kuna taratibu."

"Yule binti ndiye aliyeshona gauni nililovaa kwenye sherehe yako ya kuapishwa."

Diwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaaga. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini, "Zungumza naye, dada. Wewe anakusikiliza."

Alizungumza naye, ndiyo. Alimfuata mchungaji kwenye kile chumba kidogo cha kubadilishia mavazi, akamkuta anatafuta kola yake chini ya meza, akampa vidonge vyake hapo hapo kabla hajasimama wima.

"Mchungaji, ungeishia kwenye mlango. Kura umeitoa wapi?"

"Mama, ningeishia kwenye mlango wangesema amina, wakala wali wa msiba, wakarudi makwao."

"Na sasa wamerudi makwao wanabishana juu ya kura. Simu kumi na saba nimepokea! Wote wanakujadili wewe. Mlango hakuna anayeutaja. Umewapa kitu rahisi cha kugombania, nao wameshukuru."

Mchungaji akakaa juu ya kasha la vitabu vya nyimbo. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuwa na haraka. "Dada yetu nilimwona asubuhi ile," akasema. "Walipita hapa kuomba gari la kanisa. Nilikuwa nimelitoa liende kwenye semina."

 Mama Tangazo akaiokota ile kola, akampa.

"Una haki ya kukasirika," akasema mwishoni. "Lakini ukiwa umesimama pale mbele umevaa hili joho, mtu hawezi kukujibu. Akikujibu anaonekana anamjibu Mungu. Ndiyo maana mimi jambo hili silipendi. Mkemee mwenye ufunguo, mtaje hata kwa cheo chake, mwulize ufunguo uko wapi. Ila tukachague nani, tuachie sisi."

"Na nikinyamaza kabisa?"

"Sijasema unyamaze. Jamani, mbona leo hakuna anayesikia ninachosema?"

Jumamosi iliyofuata baraza la wazee likakutana. Wazee walikuwa saba. Mchungaji aliombwa asubiri nje, kwa sababu ajenda ilikuwa yeye: kumwandikia askofu amhamishe. Mama Tangazo alikaa pembeni na daftari lake, kama alivyokaa miaka yote. Karani haongei kikaoni. Anaandika.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa kidogo, akatoa hotuba. Akasema amelitumikia kanisa hili kwa miaka thelathini. Akasema mchungaji ni kijana, damu inamchemka. Kisha akainua kidole. "Mimbari ya kanisa hili haijawahi, narudia, haijawahi kuchanganywa na siasa. Karani, hilo liandike neno kwa neno, askofu alione."

Mama Tangazo akaandika "mimbari ya kanisa hili", kalamu ikasimama. Akajaribu tena. Mkono ukakataa. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika upuuzi wa kila namna: saa mbili za mabishano juu ya rangi ya mapazia, mzee aliyependekeza kengele ipigwe polepole isichakae. Yote hayo aliyaandika kwa uaminifu, kwa sababu yalikuwa yamesemwa, na ilikuwa kweli kwamba yamesemwa. Lakini hili askofu alikuwa anaandikiwa kama historia, na historia yenyewe ilikuwa kwenye droo ya tatu.

Akainuka bila kuomba ruhusa. Kikao kilikuwa kinafanyika ofisini kwake, basi hakuwa na safari ndefu. Akaipiga droo teke. Wazee wawili wakashtuka. Akapekua, akavuta faili, akarudi nalo akiwa amesimama.

"Karani, vipi? Karani haongei kikaoni," mwenyekiti akasema.

"Siongei, Mwenyekiti. Nasoma." Na akasoma kwa ile sauti yake ya matangazo. "Kikao cha miezi kumi na minane iliyopita, kipengele cha nne. Baraza limepokea kwa furaha ugeni wa Mheshimiwa Diwani aliyepanda mimbarini Jumapili iliyopita kutoa salamu. Baraza limeazimia kumwandikia barua ya shukrani. Aliyependekeza ni Mwenyekiti. Limepitishwa kwa makofi."

"Zile zilikuwa salamu!" mwenyekiti akasema.

"Salamu za dakika thelathini na tano. Najua kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na matangazo yangu mkononi, miguu inaniwaka moto. Salamu zenye ahadi kwamba wodi ya wazazi itapanuliwa, vitanda viwe kumi na viwili, na kwamba tusisahau chama kilichotuletea neema hiyo. Mlipiga makofi. Na mimi nilipiga, maana aliyekuwa anasema ni mdogo wangu na nilijivuna."

Pakazuka kelele. Mzee mmoja akasema karani avuliwe kazi. Mwingine, fundi viatu ambaye kwa kawaida husinzia toka sala ya kufungua, akasema, "Mwacheni asome, mbona kasoma kilichoandikwa?" Mwenyekiti akagonga meza.

"Mwenyekiti," Mama Tangazo akasema kelele zilipopungua, "mimi sijasema mchungaji kafanya vizuri. Ile habari ya kura nimeshamgombeza, tena yeye ni shahidi. Kama mnataka kumwandikia askofu kwamba mchungaji asiwaambie watu wamchague nani au wamtoe nani, barua naichapa sasa hivi na muhuri naugonga. Lakini mkitaka niandike kwamba tuna mimbari safi, hapana. Siasa ikituletea ahadi mnaiita salamu, ikituletea maiti mnaiita siasa. Hiyo siandiki."

Akakaa. 

Kura zikapigwa, na hapo hakuna aliyeona ajabu kwamba wazee wanapiga kura kanisani. Wanne wakataka barua iende, watatu wakakataa. Mwenyekiti aliiandika kwa mkono wake mwenyewe na ilimchukua siku nne, kwa sababu kila sentensi aliirekebisha.

Miezi mitatu baadaye mchungaji akahamishwa. Barua ya askofu ilisema ni kwa mahitaji ya kazi, maneno ambayo Mama Tangazo aliyasoma mara tatu akitafuta ndani yake kitu cha kushika. Siku ya kuaga, wale wale walioomba aondoke walilia kuliko wote. Mchungaji alimpa Mama Tangazo mkono, akamwambia, "Mama, ulisema kweli, ningeishia kwenye mlango." Yeye akamjibu, "Nenda salama, mwanangu. Na andika kwenye karatasi safi, macho yangu yameharibika kwa ajili yako."

Mchungaji wa nne alikuwa mzee mpole, mcheshi, mwenye hadithi za utoto wake na mbuzi wao. Alihubiri upendo, uvumilivu, na tena upendo. Wodi hakuitaja, diwani hakumtaja, hata neno mlango alilikwepa, au ndivyo ilivyoonekana. Ubao wa ukarabati ulikuwa umeshapauka kwa jua.

Basi asubuhi moja ya Jumatatu mwenyekiti akaingia ofisini polepole, akakaa bila kukaribishwa. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho, alikuwa na mimba ya miezi minane, na presha ilikuwa inampanda.

"Karani," akasema, "hivi huyu mchungaji wetu, mbona hasemi kitu kuhusu ile wodi? Kanisa lina sauti. Haiwezekani kanisa likae kimya kwenye jambo kama hili."

Mama Tangazo alikuwa ameshika muhuri. Alikiri baadaye kwa mumewe kwamba ilibaki kidogo sana amrushie. Akauweka mezani taratibu, akauvuta mbali na mkono wake. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Mwenyekiti," akasema, "Jumatano halmashauri ina kikao cha wazi. Raia yeyote anaruhusiwa kuuliza. Wewe una mdomo, na mimi ninao. Twende."

"Mimi? Mimi ni kiongozi wa kanisa, nitaonekana..."

"Utaonekana babu wa mtoto. Saa tatu, usichelewe."

Alifika, tena kavaa suti. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Madiwani walikaa mbele, mdogo wake akiwa wa tatu kutoka kushoto. Zamu ya maswali ilipofika, mwenyekiti alisimama, akaanza kwa kunukuu kanuni za kikao, akapotea katikati, akakaa. Mama Tangazo akasimama.

"Mimi ni mkazi wa kata hii," akasema, na sauti ikafika hadi kwa walinzi wa nje. "Nina swali moja. Wodi ya wazazi imefungwa mwezi wa ishirini huu. Nani ana ufunguo, na anaufungua tarehe ngapi? Nataka tarehe. Nitaiandika hapa." Akafungua daftari, akashika kalamu, akangoja.

 Mmoja wa madiwani akasema kuna taratibu. Mama Tangazo akasema, "Hiyo si tarehe." Mwingine akasema fungu limeombwa. Akasema, "Na hiyo si tarehe." Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuyasema maneno hayo pamoja naye. Mwishoni mdogo wake akainuka, uso umemwiva. Hakumtazama. Akataja tarehe.

Nje mdogo wake alimfuata hadi getini. "Dada, hata wewe? Mbele ya watu wote?"

"Ulinikimbia nilipokuuliza tukiwa wawili."

Wodi ilifunguliwa wiki mbili baada ya tarehe ile, si vitanda kumi na viwili, ni vinne, na mkunga mmoja. Mkwe wa mwenyekiti alijifungulia humo mtoto wa kike. Diwani hakukanyaga nyumbani kwa dada yake kwa miezi mitano, na siku aliyokuja alikaa nusu saa akizungumzia mvua tu. Jambo hilo lilimuuma Mama Tangazo kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Kuhusu kanisa, haukupita mwezi tangu wodi ifunguliwe, baraza likakutana tena. Mwenyekiti alikuwa amebaki nyumbani kumbeba mjukuu, kiti kikashikwa na yule mzee aliyewahi kutaka karani avuliwe kazi. Akamsomea ajenda aandike. Ya tano ilikuwa hii: je, mtumishi wa ofisi ya kanisa anaruhusiwa kutoa maoni ya kisiasa hadharani?

"Umeandika, Karani?"

"Naandika," Mama Tangazo akasema. "Rudia, tafadhali, polepole. Nataka niipate neno kwa neno."

Ajenda hiyo iliahirishwa mara mbili. Mara ya tatu hakuna aliyekumbuka kuitaja, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kukumbusha, hakukumbusha.